Yosefina Bakhita

Yosefina Bakhita (Olgossa, Darfur, leo nchini Sudan, 1869 hivi - Schio, Veneto, Italia, 8 Februari 1947) alikuwa mtawa wa Kanisa Katoliki katika shirika la Mabinti wa Upendo, maarufu kwa jina la Wakanosa.

Alitekwa nyara utotoni, akauzwa mara kadhaa katika masoko ya watumwa ya Sudan, hatimaye akapelekwa Italia. Huko, mwaka 1889, alikataa kurudi Afrika pamoja na waliojiona kuwa mabwana zake, na mamlaka za nchi zikathibitisha kwamba ni mtu huru.

Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mwenye heri tarehe 17 Mei 1992, halafu mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Sikukuu yake huadhimishwa kila mwaka tarehe 8 Februari, siku aliyofariki dunia.

Jina lake

Jina alilopewa na wazazi wake halijulikani. Yeye mwenyewe alilisahau. Alisimulia kwamba watekaji walipomuuliza anaitwa nani, hofu ilimziba kinywa asiweze kujibu, nao wakamuita Bakhita, neno la Kiarabu lenye maana ya "mwenye bahati". Neno la Kiswahili "bahati" lina asili hiyohiyo, hivyo msomaji wa Kiswahili husikia kejeli ya jina hilo bila kutafsiriwa.

Alipobatizwa aliongezewa majina Yosefina Margherita Fortunata. Fortunata ni tafsiri ya Kilatini ya Bakhita: jina alilopewa na wezi wa watu halikufutwa, ila lilipewa maana nyingine. Ndilo alilolitumia hadi kufa.

Utotoni na kutekwa

Bakhita alizaliwa katika kijiji cha Olgossa, Darfur, karibu na mlima Agilerei, katika kabila la Wadaju. Familia yake ilikuwa na mali ya kutosha, na ndugu wa baba yake alikuwa mkuu wa kijiji. Alikuwa na kaka watatu na dada watatu, na alikumbuka miaka yake ya kwanza kama wakati wa furaha usio na shida yoyote.

Darfur ya wakati ule haikuwa salama. Usultani wake ulikuwa umeangushwa mwaka 1874 na jeshi la Zubayr, mfanyabiashara mkubwa wa watumwa, na nchi ikaingizwa chini ya utawala wa Misri. Wawindaji wa watu walivamia vijiji mara kwa mara. Dada yake mkubwa alichukuliwa kwanza, na mama yao alilia siku nyingi. Miaka miwili hivi baadaye, mwaka 1877 hivi, ikawa zamu ya Bakhita, akiwa na umri wa miaka saba au minane. Watu wawili wasiojulikana walimkuta shambani na rafiki yake. Walimwambia yule rafiki atangulie, kisha wakamtuma Bakhita kichakani kuwaletea mzigo. Alipofika huko mmoja wao alimtolea kisu.

Agosti mwaka huohuo wa 1877 Uingereza na Misri zilitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Katika maeneo ya mbali na miji mikuu mkataba huo haukubadilisha mambo kwa haraka.

Utumwani

Bakhita alilazimishwa kutembea miguu mitupu mamia ya kilometa hadi El Obeid, katika Kordofan, akiuzwa na kununuliwa njiani. Mara moja alifaulu kutoroka pamoja na msichana wa rika lake. Walikimbia usiku kucha na kupanda mti kumkwepa mnyama mkali, lakini mtu aliyejifanya kuwahurumia aliwafungia katika zizi la kondoo na kuwauza tena.

Mjini El Obeid aliwatumikia kwanza binti za tajiri mmoja, ambao hawakumtendea vibaya. Ila siku moja alimuudhi kaka yao, naye akampiga kwa mijeledi na mateke hata asiweze kuinuka katika tandiko lake la majani kwa zaidi ya mwezi mmoja. Baadaye aliuzwa kwa ofisa wa jeshi wa Kituruki, na miaka aliyokaa katika nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa migumu kuliko yote. Mke na mama wa ofisa huyo waliwapiga watumwa kila siku, kwa kosa na bila kosa.

Hapo ndipo alipochanjwa chale, kwa kuwa watumwa wenye alama mwilini walionekana kuwa heshima kwa bwana wao. Mwanamke aliyejua kazi hiyo aliletwa na kuchora michoro kwa unga juu ya ngozi yake, akaifuata kwa wembe, kisha akasugua chumvi ndani ya majeraha ili makovu yabaki wazi. Bakhita aliyahesabu: sita kifuani, sitini tumboni, arubaini na manane katika mkono wa kulia, jumla 114. Aliendelea kuwa nayo maisha yote chini ya kanzu ya kitawa.

Mwishoni mwa mwaka 1882 jeshi la Mahdi lilipouzingira El Obeid, ofisa huyo aliamua kurudi kwao, akauza watumwa wake. Mwaka 1883, mjini Khartoum, Bakhita alinunuliwa na Callisto Legnani, makamu wa konsuli wa Italia. Kwake hakupigwa. Alipewa pia nguo, jambo lililokuwa geni kwake baada ya miaka ya kuishi karibu uchi.

Safari ya Italia

Legnani alipojiandaa kuondoka mwishoni mwa mwaka 1884, Khartoum ikiwa imezingirwa, Bakhita alimsihi amchukue. Walisafiri kwa ngamia hadi bandari ya Suakin, kwenye Bahari ya Shamu, pamoja na rafiki wa konsuli huyo, Augusto Michieli. Nyuma yao Khartoum iliangukia mikononi mwa Mahdi tarehe 26 Januari 1885. Machi walipanda meli, na Aprili walifika Genova.

Huko Legnani alimtoa Bakhita kama zawadi kwa mke wa Michieli, Maria Turina. Hakuuzwa, lakini wala hakuulizwa. Alipelekwa Zianigo, karibu na Mirano, si mbali na Venisia, akawa yaya wa mtoto wao Alice, aliyeitwa nyumbani Mimmina, aliyezaliwa Februari 1886. Mtoto na yaya walipendana sana.

Michieli alikuwa amenunua hoteli huko Suakin, na mke wake alitaka kwenda kumsaidia. Kwa kuwa nyumba ya Zianigo ilikuwa inauzwa, mwaka 1888 Mimmina na Bakhita waliachwa kwa muda kwa masista Wakanosa wa Venisia, katika nyumba ya kuandalia wakatekumeni. Wazo hilo lilitoka kwa Illuminato Checchini, msimamizi wa mali ya familia hiyo. Ndiye pia aliyempatia Bakhita msalaba mdogo wa fedha wenye sura ya Yesu. Aliutazama kwa siri na kushangaa ni nani huyo aliyeteswa hivyo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuambia.

Kwa masista alianza kufundishwa imani. Alieleza baadaye kwamba tangu utotoni, akitazama jua, mwezi na nyota, alikuwa akijiuliza ni nani bwana wa vitu hivyo vizuri, na kutamani kumuona na kumheshimu. Kwake mafundisho hayo yalikuwa jibu la swali la zamani.

Siku ya kukataa

Mwaka uliofuata Bi. Michieli alirudi kuwachukua wote wawili. Bakhita alikataa. Alimpenda Mimmina, na bibi huyo hakuwa amemtesa, lakini aliona kwamba akiondoka atapoteza kile alichokipata. Mabishano yalidumu siku kadhaa. Bibi alimwita mkosa shukrani, na mtoto alilia akimng'ang'ania. Mkuu wa nyumba alipeleka shauri kwa Patriaki wa Venisia, Kardinali Domenico Agostini, naye akamhusisha mwendesha mashtaka wa mfalme.

Tarehe 29 Novemba 1889 ilitolewa kauli kwamba sheria za Italia hazitambui utumwa, kwa hiyo Bakhita hawezi kuwa mali ya mtu. Akiwa na miaka ishirini hivi, alikuwa mtu mzima mwenye haki ya kuamua mahali pa kuishi. Aliamua kubaki.

Ikumbukwe kwamba kauli hiyo haikumpa uhuru mpya. Ilitamka tu kwamba alikuwa huru tayari, walau tangu alipokanyaga bandari ya Genova miaka minne na nusu kabla, na kwamba muda wote huo hakuna aliyekuwa amemuarifu. Masimulizi mengi ya kiibada hupita upesi hapo ili kufikia ubatizo. Lakini bila kukataa kule, ubatizo wenyewe usingekuwepo.

Mtawa wa Schio

Tarehe 9 Januari 1890 alipokea pamoja ubatizo, kipaimara na komunyo ya kwanza mikononi mwa Patriaki Agostini. Tarehe 7 Desemba 1893 aliingia unovisi kwa Wakanosa, shirika lililoanzishwa na Magdalena wa Canossa mjini Verona mwaka 1808, na tarehe 8 Desemba 1896 aliweka nadhiri.

Mwaka 1902 alihamishiwa Schio, mji wa viwanda vya sufu katika wilaya ya Vicenza, akakaa huko karibu maisha yake yote yaliyobaki. Kazi zake zilikuwa za kawaida: kupika, kushona, kudarizi, kutunza sakristia na kufungua mlango. Akiwa bawabu aliweka mikono juu ya vichwa vya watoto waliokuja shuleni, na sauti yake ya upole ilizoeleka mjini. Wenyeji walimuita "Madre Moretta", yaani "Mama Mweusi", jina la upendo, ingawa linaonyesha pia jinsi alivyobaki kuwa mtu wa ajabu machoni pao. Watoto walidhani rangi yake ingewachafua, nao watu wazima walikuja kumkodolea macho.

Umaarufu uliongezeka baada ya kisa chake kuchapishwa kitabuni na Ida Zanolini mwaka 1931. Wakuu walimtuma azunguke Italia kusimulia maisha yake, na kati ya miaka 1935 na 1939 alikaa hasa Vimercate, karibu na Milano, akisaidia kuandaa masista vijana waliokuwa wakienda Afrika. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kusimama mbele ya umati kulimchosha, alitii tu. Miaka hiyo ilikuwa pia ile ya Italia kuivamia Ethiopia, na hadithi ya Mwafrika "aliyeokolewa" na Waitalia iliweza kusikilizwa kwa namna ambayo si yake.

Uzeeni aliugua kwa muda mrefu na kutembea kwa kiti cha magurudumu. Katika uchungu wa mwisho alirudi akilini katika miaka ya utumwa, akawa anamuomba muuguzi amlegezee minyororo. Alifariki jioni ya tarehe 8 Februari 1947, akimtaja Bikira Maria.

Masimulizi yake

Bakhita hakuandika kitabu. Habari za utotoni na utumwani zinatokana na kumbukumbu alizomsimulia sista Teresa Fabris mwaka 1910, kwa agizo la mkuu wake, na mazungumzo yake na Zanolini ya mwaka 1930. Alizungumza lahaja ya Veneto, na maneno yake yalinyoshwa na walioyaandika. Kwa sababu hiyo tarehe za kabla ya mwaka 1883 ni za kukadiria, na majina mengi ya mahali na ya mabwana zake yamepotea.

Mafundisho yake

Urithi wake wa kiroho uko katika maneno machache yaliyokumbukwa na waliomfahamu. Lililo muhimu zaidi ni "Paron", neno la lahaja ya Veneto lenye maana ya bwana au mwenye mali, ambalo alilitumia kumuita Mungu. Lilikuwa neno ambalo mtumwa angelitumia kwa aliyemnunua. Bakhita alijua vizuri "bwana" ni mtu wa namna gani. Ndiyo maana kumsikia Bwana aliye juu ya mabwana wote, ambaye mwenyewe alipigwa mijeledi, kwake ilikuwa habari mpya kabisa.

Alisema pia kwamba angekutana na watekaji na watesi wake angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa kuwa pasipo hayo yaliyotokea asingekuwa Mkristo wala mtawa. Maneno hayo yamewakwaza baadhi ya wasomaji, wakiona kama yanahalalisha utumwa. Hata hivyo aliyeyasema ndiye aliyesimama mbele ya wakubwa wa Venisia na kukataa kurudishwa, tena hakuficha ukatili aliotendewa: aliusimulia hadi idadi ya makovu. Alisamehe watu, akiamini kwamba hawakujua uovu wa walichokuwa wakifanya.

Heshima baada ya kifo

Mwili wake ulizikwa kwanza katika makaburi ya Schio, na mwaka 1969 ulihamishiwa katika kanisa la Familia Takatifu la konventi ya Wakanosa mjini humo. Kesi ya kumtangaza mtakatifu ilianza mwaka 1959, na tarehe 1 Desemba 1978 ilitangazwa hati ya kukiri ushujaa wa maadili yake.

Tarehe 10 Februari 1993, Sudan ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Papa Yohane Paulo II alifika Khartoum na kumsifu katika nchi alikouzwa. Papa Benedikto XVI alimtumia kama mfano wa tumaini mwanzoni mwa ensiklika yake "Spe Salvi" ya mwaka 2007.

Anahesabiwa kuwa msimamizi wa Sudan na wa wahanga wa biashara haramu ya binadamu. Tangu mwaka 2015 Kanisa Katoliki huadhimisha tarehe 8 Februari pia kama siku ya kimataifa ya sala na uhamasishaji dhidi ya biashara hiyo. Katika Afrika Mashariki jina lake limepewa shule na parokia kadhaa, na wasichana wengi hubatizwa kwa jina la Bakhita, sambamba na Bahati.