Utetezi wa Wakili, Si "Uwakilishi wa Kisheria"

Miongozo ya nidhamu ya wauguzi inazidi kutulisha "uwakilishi wa kisheria" kwa maana ya kusimamiwa na wakili. Kamati moja niliyoiandikia kuhusu neno hilo ilinijibu kwa mstari mmoja tu: limeshazoeleka. Kuzoeleka si kuwa sahihi.

Kisheria maana yake ni kwa mujibu wa sheria. Ndoa ya kisheria ni ile inayotambuliwa na sheria, si ndoa ya wanasheria. Tanzania Bara, kanuni za ajira za 2007 zinamruhusu mfanyakazi kusaidiwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake katika kikao cha nidhamu. Huo nao ni uwakilishi wa kisheria, na wakili hayumo. Wengine huandika "msaada wa kisheria", ilhali Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imeshalitumia jina hilo kwa huduma ya wasiojiweza.

Mimi nasema utetezi wa wakili. Wakili limetoka Kiarabu, mzizi w-k-l, wenye maana ya kukabidhi jambo. Ndugu zake ni wakala na tawakali, mja anapomkabidhi Mungu mambo yake. Ni neno lenye amana ndani yake. Tetea nalo limezaliwa na teta, yaani kubishana. Likitiwa kauli ya kutendea, linakuwa kubishana kwa ajili ya mwingine. Ndiyo kazi yenyewe. Muuguzi yupo palepale mezani, chati ya dawa isiyo na sahihi iko mbele yake, na wakili anamuuliza shahidi: zamu ile wodi ilikuwa na wauguzi wangapi? Mwakilishi huketi mahali ambapo wewe hupo, kama wanavyoketi wajumbe wa Baraza la Wawakilishi Zanzibar.

Wapo mabingwa wanaodai kwamba utetezi unanuka jinai. Watueleze basi, watetezi wa haki za watoto wanamtetea mhalifu gani?

Kwa matumizi: muuguzi akiitwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, ajibu mapema kwa maandishi, "Naomba kutetewa na wakili."

Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama Tanzania, na barazani kinachopimwa ni leseni ya mtu. Neno legevu litamfanya muuguzi aende na mwenzake wa zamu akidhani haki yake imetimia. Waandishi wa miongozo, lifuteni. Andikeni utetezi wa wakili.