Jiwe letu, mkojo wetu, mashini yao

Wandugu, sisi tuliosoma kemia Lualaba tunaijua spektrometa ya masi kwenye karatasi: unageuza kitu kuwa ioni, unazitenganisha kwa uzito, unazihesabu. Aston aliijenga ya kwake Cambridge mwaka 1919. Lakini historia yake inapita kwetu pia.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, uraniamu ya Shinkolobwe ilipelekwa Marekani. Kule Oak Ridge, mashini kubwa za kanuni hiyo hiyo zilitenga uraniamu 235 kwa sumaku. Mwaka 1945 Hiroshima ikaungua.

Mwaka 2014 kobalti ikapatikana chini ya nyumba za Kasulo, hapa Kolwezi. Watu wakachimba mpaka viwanjani mwao. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Ubelgiji wakapima damu na mikojo ya wakaaji. Mwaka 2018 wakatangaza: kobalti ilikuwa nyingi kuliko kwa watu wa mtaa wa jirani, na watoto ndio walizidi.

Sampuli zilisafiri mpaka Ubelgiji. Kobalti inatoka hapa, ugonjwa unabaki hapa, na kipimo kiko mbali. Basi tukidai kazi mgodini, tudai na labo.