Tamponi iliyoahidi kunyonya kila kitu

Ndani ya Rely, tamponi ya kuvaliwa ukeni wakati wa hedhi, hamkuwa na pamba. Mlikuwa na vipande vidogo vya sponji ya poliesta vilivyochanganywa na chembe za kaboksimethiliselulosi, kitu kitokanacho na nyuzi za mimea ambacho viwanda vya chakula hukitumia kuifanya aiskrimu iwe nzito. Kifuko chembamba kilivishika vyote, na kikilowa kilitanuka kwa upana kama kikombe. Procter & Gamble, kampuni iliyoitengeneza, ilituma sampuli za bure majumbani huko Marekani, na wanawake wakaipenda kwa kuwa mtu aliweza kukaa nayo saa nyingi bila kubadilisha.

Mwaka 1978, daktari wa watoto James Todd na wenzake wa Denver waliandika kuhusu watoto saba, wavulana wakiwemo, waliopata homa kali, vipele vyekundu kama ngozi iliyochomwa na jua, kisha shinikizo la damu likaporomoka. Waliuita ugonjwa wa mshtuko wa sumu. Hedhi haikutajwa kuwa chanzo. Kufikia 1980, wanawake vijana wenye afya njema walikuwa wakiugua vivyo hivyo wakiwa kwenye siku zao, wengi wakiwa wamevaa tamponi. Mwaka huo peke yake waliripotiwa zaidi ya 800, na 38 walifariki.

Bakteria anayehusika, Stafilokokasi aureus, huishi kwa amani puani na kwenye ngozi za watu wengi. Hatari ni sumu anayoitengeneza, ambayo watafiti waliitambua mwaka 1981. Ili aitengeneze anahitaji oksijeni, na ukeni oksijeni ni haba. Tamponi iliyojaa hewa iliipeleka huko, na zile saa nyingi zikampa bakteria nafasi. Asiye na kinga dhidi ya sumu hiyo, hasa msichana, ndiye aliyezidiwa.

Rely iliondolewa sokoni tarehe 22 Septemba 1980. Haikuwa na hatia peke yake, maana kadiri tamponi yoyote ilivyonyonya zaidi ndivyo hatari ilivyopanda. Poliakrileti, malighafi nyingine ya kunyonya sana, iliachwa mwaka 1985. Kinachoniuma ni kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1976 ilikwisha kuziweka tamponi kwenye kundi la vifaa tiba, ila zilizokuwa tayari sokoni zikapita bila kupimwa upya. Wanawake ndio waliogeuzwa kipimo.

Afrika Mashariki swali la usalama liliulizwa kabla ya madhara kutokea, na waliouliza wanastahili sifa. Katika shule 30 za msingi za magharibi mwa Kenya, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao wa Liverpool waliwapa baadhi ya wasichana vikombe vya hedhi, ambavyo huvaliwa ukeni kukinga damu, wengine pedi, na wengine wakaendelea na walichozoea. Kisha wakawapima. Bakteria yule alionekana kwa takriban msichana mmoja kati ya kumi, lakini hakuna aliyeugua mshtuko wa sumu. Hata hivyo, mwaka 2018 maabara ya Lyon, Ufaransa, ilionyesha kwamba pamba tupu haimzuii bakteria kutengeneza sumu, na kikombe nacho hakimzuii.

Huku Tanzania, Mbeya na Iringa, tamponi bado ni adimu. Pedi na vipande vya khanga hukaa nje ya mwili, na ni nadra sana kuhusishwa na ugonjwa huu. Lakini shida iliyoiuza Rely ipo hapa, tena kubwa kuliko ya Marekani ya wakati ule. Mchuma chai wa Mufindi au Rungwe hushinda shambani mbali na choo. Mwanafunzi ambaye shule yake haina maji hangoji tangazo limshawishi kukaa na kitu kimoja kutwa. Serikali ya Tanzania ilifuta VAT kwenye taulo za kike mwaka 2018, mwaka uliofuata ikairudisha. Vikombe vya silikoni vinavyodumu miaka vitawavutia wengi, na ni haki yao, mradi wanaovigawa wafike na maelezo kamili.

Tamponi isikae mwilini zaidi ya saa 8. Kikombe kichemshwe kila hedhi inapoisha. Na anayeshikwa ghafla na homa, kizunguzungu na vipele akiwa amevaa kimojawapo, akitoe palepale, awahi hospitali na amwambie daktari kwamba yuko kwenye siku zake, maana asipolitaja hilo homa yake itadhaniwa kuwa malaria.