Datsun 240Z: Anza na kutu na breki kabla ya kutafuta kasi

GARI la spoti aina ya Datsun 240Z ni miongoni mwa magari machache ya Kijapani ambayo majina yao yamefungamana na historia ya Kenya. Mnamo 1971, Edgar Herrmann na mwelekezi wake Hans Schüller walilitumia kushinda mashindano ya Safari Rally, huku Shekhar Mehta na Mike Doughty wakimaliza wa pili kwa gari la aina iyo hiyo. Mwaka wa 1973, Mehta alinyakua ushindi akiwa na Lofty Drews.

Sifa hizo huwafanya wengi wanaolinunua au kulirithi gari hili waanze ukarabati kwa kutafuta nguvu na kasi. Huko ni kuanzia mwisho. Gari lenye umri wa miaka 50 huangamizwa na kutu, breki zilizochoka na nyaya kuukuu. Injini yake ni imara na hudumu ikitunzwa.

Gari lenyewe

Kampuni ya Nissan ilizindua gari hili nchini Japani Oktoba 1969 kwa jina la Fairlady Z, na katika masoko ya ng'ambo likauzwa kama Datsun 240Z. Injini yake, L24, ina silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita mraba-tatu 2,393, na hupokea petroli kupitia kabureta mbili. Breki za mbele ni za diski na za nyuma ni za ngoma. Uzani wake ni takriban kilo 1,050.

Baadaye yalifuata 260Z na 280Z, hadi 1978. Kwa kuwa zaidi ya magari 500,000 ya ukoo huu yalitengenezwa, vipuri vingi vingali vinapatikana. Halina kompyuta, na kazi nyingi zahitaji spana, bisibisi na subira tu.

Usalama kwanza

Usiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee. Jeki huteleza au huishiwa nguvu bila ya onyo, na mtu aliye chini hana pa kukimbilia. Liegemeze gari juu ya stendi za chuma kwenye sakafu ngumu, kisha lisukume kwa mkono kuhakikisha halitikisiki.

Usiiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa, kwani moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu. Tenganisha waya hasi wa betri kabla ya kugusa mfumo wa petroli au wa umeme.

Kutu

Bodi ya gari hili haina fremu iliyo kando. Mabati yenyewe ndiyo yanayobeba uzito wote. Hivyo basi, kutu hapa ni suala la uhai wala si la sura tu.

Kagua sehemu ambazo maji hutuama: chini ya betri, sakafu chini ya mazulia, kingo za chini ya milango, nyuma ya magurudumu na shimo la gurudumu la akiba. Chini ya sakafu kuna mihimili miwili ya bati. Igonge polepole kwa nyundo ndogo. Bati zima hutoa mlio mkali, lililooza hutoa mlio mzito au hutoboka.

Kutu ya juu juu waweza kuikwangua hadi bati ling'ae, kisha ukapaka rangi ya kuzuia kutu. Bati lililotoboka lazima likatwe na jipya kuchomelewa na fundi aliyehitimu. Kufunika tundu kwa puti ni kuficha ugonjwa, nao wahenga walishatuonya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.

Breki

Mafuta ya breki hufyonza unyevu hewani. Yakikaa miaka mingi huchemka mapema breki zinapopata joto, na pedali ikazama mguuni bila ya gari kusimama. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili.

Mipira ya breki iliyopasuka au kuvimba itupwe. Kagua unene wa pedi za mbele, kisha ufungue ngoma za nyuma na kutazama kama silinda ndogo za magurudumu zinavuja. Baada ya kazi hiyo, toa hewa yote katika mfumo, ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Usiingie barabarani ikiwa pedali bado ni laini.

Injini na kabureta

Oili ibadilishwe mara kwa mara hata kama gari haliendeshwi sana. Nyingi za oili za kisasa zina zinki chache, ilhali shafti inayofungua vali katika injini hii husuguana moja kwa moja na vyuma vinavyoisukuma. Chagua oili iliyokusudiwa injini za kale, kwa mfano ya daraja la 20W-50.

Nafasi za vali hurekebishwa kwa spana mbili, ya milimita 17 na ya 14. Injini ikiwa baridi, nafasi ya vali za kuingiza ni milimita 0.20 na za kutolea moshi 0.25. Injini ikiwa moto, ni 0.25 na 0.30. Nafasi ikiwa finyu mno vali huungua. Ikizidi, injini hupiga kelele.

Hakikisha kwanza kwamba vali na cheche ziko sawa ndipo uguse kabureta. Anza kwa kukaza nati iliyo chini ya kila kabureta hadi mwisho, kisha uilegeze mizunguko miwili na nusu. Halafu zilinganishe kabureta mbili hizo ili zivute hewa kwa kiasi kimoja. Wengi hutumia mpira mwembamba, ncha moja sikioni na nyingine mdomoni pa kabureta, wakisikiliza kama mvumo ni sawa.

Maboresho yanayofaa

Gari likiwa zima, yapo maboresho yanayolifaidi bila ya kuliharibu. La kwanza ni kuondoa pointi za distribyuta na kuweka mfumo wa cheche wa kielektroniki. Distribyuta ya Datsun 280ZX huingia katika injini hii na ni chaguo la wengi.

La pili ni kufunga rilei za taa za mbele. Katika mpangilio wa awali, umeme wote wa taa hupitia swichi ya dereva, ambayo huchomeka baada ya miaka mingi. Kazi hii ni ya gharama ndogo, na yaweza kuzuia moto.

La tatu ni springi, raba za viungo na matairi bora. Baada ya hayo, waweza kufikiria injini ya L28 ya sentimita mraba-tatu 2,753, kutoka kwa 280Z au 280ZX, ambayo hukaa mahali pa ile ya zamani, au giaboksi ya gia tano. Kila nguvu inayoongezwa itanguliwe na breki zinazoweza kuihimili.

Kila kipuri cha awali unachokiondoa kihifadhi, ukiandike jina na tarehe. Gari linaloweza kurudishwa katika hali yake ya awali huwa na thamani kubwa kuliko lililokatwakatwa, na nambari ya injini ya asili ni sehemu ya thamani hiyo.

Sheria

Anayebadilisha injini au rangi ya gari nchini Kenya anatakiwa kuiarifu Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani (NTSA) ili rekodi za usajili zirekebishwe. Kampuni ya bima pia ifahamishwe kuhusu mageuzi hayo, la sivyo huenda ikakataa kulipa fidia ajali itokeapo.

Gari la Herrmann la 1971 limehifadhiwa na Nissan nchini Japani. Haya mengine yaliyosalia hayana mlinzi ila wenyewe. Mwenye gari akiyafuata mambo haya kwa utaratibu wake, yaani kutu, breki, injini, kisha maboresho, atabaki na gari analoweza kuliendesha bila ya hofu na kuwaachia wanawe.