Kegi na kibuyu: Chombo kinavyoamua usalama wa pombe ya nyumbani

KATIKA vilima vya Kangundo, Machakos, kama kwingineko Ukambani, pombe ya kienyeji iitwayo kaluvu ilichachushwa tangu jadi ndani ya kibuyu kikubwa kilichowekwa karibu na moto. Asali au maji ya miwa hutiwa vipande vikavu vya tunda la mwegea, ambalo Wakikuyu huliita muratina. Pombe ikishaiva, vipande hivyo huanikwa na kuhifadhiwa, kwa kuwa ndani ya nyuzi zake hubaki hamira ya kuanzishia pombe nyingine.

Kibuyu kina ila zake. Hupasuka, hufyonza, wala hakiwezi kuchemshiwa maji. Mtungi wa plastiki ni rahisi kupatikana, lakini mikwaruzo yake huficha vijidudu vinavyoigeuza pombe kuwa siki. Ule uliowahi kuwa na dawa ya kunyunyizia kahawa haufai kabisa, hata ukioshwa mara kumi.

Ndiyo maana wanaojitengenezea bia nyumbani, hasa Ulaya na Marekani, hupenda pipa la chuma cha pua. Nchini Kenya pipa hilo, maarufu kama kegi, lilizoeleka baada ya 2004, pale kampuni ya East African Breweries ilipoanzisha bia ya Senator kwa wanywaji wa kipato kidogo. Pipa la lita 50 huwa mali ya kampuni hata baada ya baa kulimaliza, hivyo anayelichukua bila idhini hana tofauti na mwizi. Linalozungumziwa hapa ni pipa kuukuu lililonunuliwa kihalali.

Hatari ya kwanza iko mdomoni pa pipa. Hapo pana vali iliyoungana na mrija mrefu unaofika karibu na kitako. Gesi ikiwa bado imo, mrija huo huweza kufyatuka kama risasi na kumuua anayeufungua. Ni lazima gesi yote itolewe kwanza, pipa likiwa limesimama na uso ukiwa mbali.

Vali ikishatolewa, hubaki tundu ambalo mkono haupiti. Usafi basi hutegemea maji moto, sabuni kali na kusuuza tena na tena. Uzuri wa chuma ni kwamba maji yanaweza kuchemshwa humohumo, tundu likiwa wazi. Pipa hujazwa lita 40 hivi ili povu lipate nafasi. Tundu huzibwa kwa kizibo chenye mpira mwembamba, ambao ncha yake huzamishwa ndani ya chupa ya maji. Gesi hutoka kwa mapovu, hewa na nzi hawaingii.

Mpira huo si pambo. Kilo moja ya sukari ikichachuka yote hutoa zaidi ya lita 250 za gesi. Anayeziba pipa kabisa kwa kudhani anahifadhi ukali wa pombe ametega bomu jikoni mwake.

Hata hivyo, si uchachushaji ulioleta misiba ya pombe inayokumbukwa Machakos. Juni 2005 zaidi ya watu 40 walifariki wilayani humo baada ya kunywa pombe yenye methanoli. Na Mei 2014 wengine wengi walipoteza maisha katika kaunti kadhaa. Miwa au asali ikichachuka hutoa methanoli kidogo mno isiyodhuru. Kiasi kinachoua hutoka katika kemikali za viwandani ambazo wauzaji huongeza ili kinywaji kiwe kikali kwa gharama ndogo, na hakuna chombo, kiwe kibuyu au chuma, kinachoweza kuiondoa.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 ilifuta ile iliyoharamisha chang'aa, lakini anayetengeneza kileo cha kuuza hana budi kuwa na leseni.

Methanoli haina ladha ya kumshtua mnywaji. Mililita 10 zaweza kupofusha na 30 zaweza kuua. Dalili, yaani tumbo kuuma, kutapika, kupumua kwa kasi na kuona ukungu, mara nyingi huchelewa kwa saa 12 hadi 24, na wengi hudhani ni uchovu wa ulevi wa jana. Anayeanza kuona ukungu apelekwe hospitalini papo hapo, kwani zipo dawa za kuzuia mwili usiigeuze methanoli kuwa asidi inayoharibu macho, nazo hufaa zikitolewa mapema.