Skuli ya Bustanini ya Deptford

Skuli ya watoto wadogo iliyoasisiwa mwaka 1914 katika mtaa wa Deptford, London, na ndugu wawili wa kike, Rachel na Margaret McMillan, ambao, baada ya kushuhudia jinsi watoto wa mafukara walivyodhoofika kwa matege na maradhi mengineyo katika vyumba visivyoingia jua, waliyakinisha kwamba hewa safi ni haki ya mtoto kama kilivyo chakula. Madarasa yalikuwa mabanda yaliyoachwa wazi upande mmoja. Bustani, yenye miti, mboga, maua na mimea ya kunukia, ndiyo iliyokuwa skuli hasa, na humo mtoto wa miaka miwili, akiisha kuogeshwa na kulishwa, alichimba udongo, akamwagilia na kunusa, akajifunza kwa viungo vyake vyote kabla hajajua herufi hata moja. Fikra hii, ya kumtanguliza mtoto kwenye ardhi kabla ya kitabu, ndiyo fadhila yao kubwa.

Rachel alifariki mwaka 1917, na skuli ikapewa jina lake. Margaret aliiendeleza hata akafungua chuo cha walimu mwaka 1930, naye akafariki mwaka uliofuata.