Kobe wa Changuu

Kisiwa cha Changuu kiko kilomita zisizofika sita kaskazini-magharibi ya Mji Mkongwe wa Unguja. Kwa mashua ya mashine kutoka Forodhani, ufukoni mwa mji huo, ni safari ya nusu saa hivi. Jina lake limetokana na samaki aina ya changu, na chenyewe ni kipande cha mawe ya matumbawe chenye urefu wa mita 800 na upana wa mita 230 penye upana zaidi. Kobe wakubwa wanaoonekana humo leo si wenyeji. Walipelekwa, kama walivyopelekwa karibu wote waliotangulia kuishi hapo.

Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said aliwapa kisiwa Waarabu wawili, nao wakawa wanawafungia humo watumwa wakaidi kabla ya kuwasafirisha. Mwaka 1893 kilinunuliwa na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa kwanza katika serikali ya Sultani, akajenga jela. Jela ilimalizika mwaka uliofuata, ila mfungwa hakupelekwa hata mmoja. Badala yake kisiwa kiligeuzwa karantini: abiria wa meli zilizoshukiwa kuwa na maradhi walishushwa hapo wakangoja, mji wakiuona ng'ambo ya maji. Jina la Kisiwa cha Jela limeganda hata hivyo, na watalii wengi hawakijui kwa jina jingine.

Kobe waliingia mwaka 1919. Gavana wa Kiingereza wa Shelisheli alileta zawadi ya kobe wanne wa Aldabra. Zawadi ya namna hiyo haikuwa ajabu kwa wakubwa wa makoloni: kobe anayeitwa Jonathan alifikishwa kisiwa cha St Helena mwaka 1882, na karne iliyofuata alikuwa bado anakula majani kwenye bustani ya gavana.

Aldabra ni visiwa vya matumbawe vilivyojipanga kama pete kuzunguka maji, magharibi kabisa mwa Shelisheli, upande unaoelekea Afrika. Zamani kobe wakubwa walijaa katika visiwa vingi vya Bahari ya Hindi. Kilichowamaliza ni uvumilivu wao wenyewe. Kobe anaweza kukaa miezi bila chakula wala maji, kwa hiyo mabaharia walimwona kama ghala la nyama isiyooza: walimpakia akiwa hai, wakamchinja njaa ilipowabana. Rodrigues, Morisi na Réunion vilibaki vitupu. Mwaka 1874 wataalamu wa Uingereza, Charles Darwin na Albert Günther miongoni mwao, walimwandikia Gavana wa Morisi, ambaye Aldabra ilikuwa chini yake, wakimsihi awalinde waliobaki. Hivi leo huko Aldabra wako wapatao 100,000, na wale wanne wa Unguja ni tawi la ukoo huo uliookoka.

Pengine si kila kobe wa Aldabra alihitaji meli kufika pwani hii. Desemba 2004 mmoja alionekana akitoka baharini katika ufuo wa Kimbiji, kusini ya Dar es Salaam, amekonda na miguu yake imeota chaza wadogo wa aina ile inayoshika matumbo ya vyombo. Kwa ukubwa wa chaza hao ilikadiriwa alielea wiki kadhaa, akisukumwa na mkondo zaidi ya kilomita 700. Kobe wa nchi kavu hana makasia kama kasa. Huelea tu, shingo juu, mpaka bahari imtue.

Wale wa 1919 waliiona Changuu kuwa makao yasiyo mageni sana. Ardhi ni matumbawe kama kwao, joto ni lile lile, na hakuna mnyama wa kumwinda mkubwa wao. Jambo moja ambalo kobe wa Aldabra hawezi kuishi bila yake ni kivuli. Dume hufika kilo 250, na jua la mchana likimkuta penye uwazi, gamba linashika joto kama sufuria na hufa kabla hajafika mtini. Ndiyo maana maisha yake yote yanafuata jua: asubuhi anatoka kula, mchana anajilundika na wenzake chini ya miti, alasiri anatoka tena. Changuu miti ilikuwapo. Maji ni tatizo dogo kuliko inavyodhaniwa, kwani kobe huyu anaweza kuinamisha pua kwenye kidimbwi chembamba kilichobaki juu ya jiwe baada ya mvua akanywa kwa matundu ya pua, maji ambayo mdomo usingeweza kuyachota.

Wakazaana. Jike huchimba shimo kwa miguu ya nyuma, hutaga mayai kati ya 9 na 25, huyafukia na kwenda zake, na watoto hutoka baada ya miezi kadhaa. Kule Aldabra wanakobanana majike hutaga mayai machache, tena si kila mwaka. Penye nafasi na majani ya kutosha hutaga zaidi. Kobe wanne waliopewa kisiwa kizima walikuwa na nafasi hiyo, na kufikia mwaka 1955 walikuwa 200.

Mkosi ulitoka ng'ambo, kwa watu. Kobe alikuwa na bei nje ya nchi kama mnyama wa kufugwa, na nyama yake ilikuwa na walaji. Wizi wenyewe haukudai ufundi wowote. Mnyama hakimbii wala haumi. Akiguswa anavuta kichwa ndani na kutoa pumzi kwa mlio wa mpira uliotoboka. Mtoto wa mwaka mmoja anaenea kikapuni chini ya mchicha, na mashua zinazokwenda na kurudi mjini ni nyingi. Mwaka 1988 walihesabiwa 100 hivi. Mwaka 1990 walikuwa 50. Mwaka 1996 walibaki saba.

Mwaka huo huo vikapelekwa vifaranga 80 kuongeza idadi, na 40 kati yao wakatoweka. Hapo ndipo kosa lilipoonekana wazi: kisiwa kilikuwa kinajazwa kama mtungi wenye tundu. Bahari iliyodhaniwa kuwa uzio wa kutosha ilikuwa njia kuu ya mwizi. Serikali ya Zanzibar, ikisaidiwa na Shirika la Dunia la Ulinzi wa Wanyama, ikajenga ua mkubwa, kobe wakaanza kulala ndani ya uzio. Mwaka 2000 hesabu ilitoa wakubwa 17, wa makamo 50 na vifaranga 90. Wakubwa kutoka saba hadi 17 kwa miaka minne hawawezi kuwa mazao ya kisiwa peke yake, kwani kobe huyu hukaa zaidi ya miaka 20 kabla ya kupevuka. Wengine waliletwa kutoka mahali pengine, na desturi ya kuhamishia kobe huko, hasa wadogo, imeendelea.

Leo wadogo hutengwa na wakubwa kwa waya, na wageni huingia uani na mafungu ya majani mkononi. Kobe akikunwa shingoni huinuka juu ya miguu yote minne, akainyoosha shingo mpaka ngozi ikanyooka, akatulia hivyo macho yamefumba nusu. Si mapenzi kwa mgeni. Hata porini kobe wakubwa hujiinua vivyo hivyo ili ndege waweze kuwadonoa kupe.

Juu ya magamba huandikwa namba kwa rangi, na namba hizo ni miaka. Ndizo zinazopigwa picha zaidi, na ndizo za kutazamwa kwa tahadhari. Gamba la kobe mdogo lina mikunjo inayoongezeka kadiri anavyokua. La mzee limesuguliwa na vichaka na mawe mpaka limekuwa laini kama kokoto ya pwani, hakuna cha kuhesabu. Walioletwa wakiwa wakubwa hawakuja na hati ya kuzaliwa, kwa hiyo namba ya mkongwe ni makisio, na ya aliyeanguliwa uani ndiyo inayoweza kuanzia siku aliyotoka yaini.